Njia ya Ndege katika Nchi ya Usawani

Ukiuliza Usawani iko wapi utaambiwa iko juu, penye ukungu, na mtu atakunyooshea kidole mlima wowote ulio mbele yake. Namkunda hakuuliza. Binti yake alikuwa ameolewa huko, na hilo lilitosha kumfikisha.

Alikwenda kwa sababu Nakijwa alikuwa amejifungua, na salamu zilizomfikia zilikuwa za aina ile inayomnyima mama usingizi: mtoto mzima, mimi mzima, ila chemchemi imepungua. Namkunda alikuwa na stashahada ya kilimo na alikuwa amelea watoto wake mwenyewe bila mtumishi. Alijua mwanamke mwenye kichanga hawezi kukaa mbali na maji, na alijua pia kwamba chemchemi ya mlimani haipungui bure. Akafunga khanga zake na unga wa uji, akaenda. Nia yake ilikuwa moja. Ama maji yarudi, ama binti na mjukuu washuke naye.

Kitu cha kwanza alichokiona Usawani ni usafi. Mlima mzima ulikuwa umekatwakatwa na kanda za udongo mtupu, zilizonyooka kama zimepigwa rula, na kati ya ukanda na ukanda kulisimama kipande cha msitu. Vipande vingine vilikuwa vikubwa kama shamba la chai, vingine havikuzidi kiwanja cha shule. Watu walikuwa wameinama kwenye zile kanda, wanafagia.

Aliyempokea mpakani mwa nchi alikuwa Bwana Kighenda, Mkuu wa Mipaka, mwanamume mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Hakumpekua wala hakumdai kitu. Alimkaribisha kwa heshima zote, akatembea naye, akamweleza. Viongozi wa Usawani hawakwepi maswali. Ukimuuliza mmoja sheria, ataacha hata chakula chake ili akueleze, na hataondoka mpaka umalize kuelewa.

Namkunda alimuuliza wale watu wanafagia nini.

"Mpaka, mama."

"Unachafuka na nini huku mlimani?"

"Majani. Na mbegu. Jani la mti wa huku likianguka kule, nani mwenye jani? Tulishapigana sana kwa mambo hayo, zamani. Sasa tunafagia."

Alidhani anataniwa, akamtazama usoni. Hakuwa anataniwa.

Kisha akaelezwa mengine, na kila alipoelezwa alizidi kukaza khanga kiunoni. Usawani hakuna aliyewahi kudhulumiwa urithi, kwa kuwa kila kitu hugawanywa sawa, na msitu ni urithi kama mwingine wowote. Mzazi akifa, kipande chake hugawiwa watoto, na kati ya sehemu na sehemu huwekwa mpaka. Upana wa mpaka ni urefu wa mti mrefu kuliko yote iliyopo, ili mti wa mtu ukianguka usiingie kwa mwenzake. Majirani wakigombana, mpaka huongezwa upana pande zote mbili, sawasawa, mpaka wasahau ugomvi wao.

Namkunda akauliza kama kukata miti kunaruhusiwa. Bwana Kighenda alisimama. Kukata mti, alisema, ni kosa la kufukuzwa nchi, na tangu ashike kazi hii hakuna mti hata mmoja uliokatwa. Basi miti iliyokuwa hapa imekwenda wapi, akauliza Namkunda. Akamweleza kwa uvumilivu kwamba hapa si msituni, hapa ni mpakani. Mti unaosimama mpakani si mti, ni kizuizi. Vizuizi huondolewa.

Akamaliza kwa jambo lililomhusu mgeni mwenyewe. Mwenyeji wa Usawani hutembea kwenye kipande chake na kwenye barabara kuu, basi. Akikanyaga mpaka nje ya kazi ya kufagia, amekanyaga haki ya mwenzake, na adhabu yake ni kunyang'anywa kipande. Lakini mgeni hana kipande, kwa hiyo hana haki ya kulindwa wala ya kuvunja, na sheria haina neno naye. Apite popote. Ila akikaa msimu mzima wa mavuno, atahesabiwa mtu wa nchi.

"Mimi nimekuja kubeba mjukuu tu," Namkunda akamwambia.

"Karibu sana," akasema Bwana Kighenda. "Wengi huja hivyo."

Nakijwa alikuwa amekonda. Mama yake aliliona hilo kabla ya kumwona mtoto, akalisema kabla ya kusalimiwa. Nyumba ilikuwa nzuri, ya mawe, na nyuma yake msitu ulipanda mlima hadi ukapotea kwenye ukungu. Semvua, mume wa Nakijwa, alimpokea mkwewe akiwa ameinamisha macho kama inavyompasa kijana aliyelelewa vizuri, akamletea kiti, akaenda kukaa mbali. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kipande cha mzee kilikuwa kimegawiwa watoto wake, nao Semvua na Nakijwa wakapata sehemu ya katikati, yenye chemchemi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa mawio, alikaa kaka mkubwa wa Semvua na mkewe, Bi Mahimbo. Nyumba zao zilionana. Tangu mgawo, Bi Mahimbo huyu na Nakijwa walikuwa wakipungiana mikono tu, kila mmoja uani kwake.

"Alikuwa ananisaidia kuosha nguo," Nakijwa alimwambia mama yake. "Sasa akitaka kuniona anasubiri siku ya kukutana barabarani. Mtoto hajamshika hata mara moja."

Kesho yake Namkunda akamfunga mjukuu mgongoni, akaingia msituni kutafuta ugonjwa wa chemchemi.

Kwa macho ulikuwa msitu wa kujivunia. Miti mikubwa, minene, imevaa kuvumwani laini ya kijani hadi kwenye matawi ya juu. Alitembea ndani yake kwa muda, akihisi kuna kitu kinachomkera, bila kukijua, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu akahisi kuna jambo halisemwi. Kisha akatazama chini, akalijua. Hapakuwa na watoto. Hapakuwa na mche wa kufika gotini, wala kifundoni. Miti yote ilikuwa mizee. Ulikuwa kama mtaa ambao kila mlango unafunguliwa na bibi au babu, na hakuna sauti ya mtu anayelia kwa kunyimwa kitu.

Juu ya chemchemi ulisimama mti mmoja wenye gome jekundu, ambao watu wa huko huuita mteghe. Wazee wao waliamini palipo na mteghe maji hayakosi, na kwa mizizi aliyoiona Namkunda, iliyoshika ule mteremko kama vidole vilivyokamata tonge, hakuona sababu ya kubishana nao. Mti ulikuwa umezaa sana. Matunda yalikuwa yamelala chini yake tabaka juu ya tabaka, yameoza, yametoa ukungu mweupe. Mengine yalikuwa yameota na kufa papo hapo, kivulini kwa mama yao. Alichimbua kokwa moja kwa kidole, akaitazama. Kokwa kubwa, nzito. Haiwezi kuchukuliwa na upepo. Inataka mdomo mkubwa uimeze hapa, ukaiache mbali.

Akauliza habari za hondohondo, ndege wale wenye midomo mikubwa. Semvua akasema walikuwepo alipokuwa mdogo, makelele yao yalikuwa yakiwaamsha. Sasa wako wachache, kila kundi kwenye kipande chake. Hawavuki zile kanda nyeupe. Ndege wa kivulini akiona uwanja wa jua ulio wazi namna ile, hugeuka.

Na pembeni, pale msitu ulipokutana na mpaka, hali ilikuwa mbaya zaidi. Jua na upepo viliingia ubavuni. Kuvumwani ilikuwa imekauka na kubanduka, kangaga zimeungua, na kichaka kimoja cha miiba chenye maua ya rangi mbili, ambacho Namkunda alikifahamu vizuri kutoka nyumbani na hakuwahi kukipenda, kilikuwa kinaingia ndani kimya kimya. Mpaka mmoja ulikuwa umepita karibu na mteghe. Mti ulikuwa umeanza kuinama upande huo.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti. Nakijwa alimjua mama yake. Akamuuliza ameona nini.

"Nimeona msitu uliokufa ambao haujaanguka," Namkunda akasema. "Huo mti ukienda, maji yanakwenda. Na hakuna wa kuushika mkono. Fungasha, tushuke."

Nakijwa akakataa. Hakukataa kwa mapenzi ya mume peke yake, ingawa nayo yalikuwepo. Alieleza kwamba mtu akihama Usawani, kipande chake hugawiwa waliobaki, sawasawa, na kila mgawo ni mipaka mipya. Akiondoka leo, kesho ule mteghe uko mpakani, na keshokutwa ni kizuizi. Namkunda akasonya. Lakini usiku ule alimsikia binti yake akiamka kuchota maji kabla mtoto hajalia, na kata ikikwaruza mawe ya chini ya kisima cha chemchemi, na akaona lazima aseme na hao wakubwa.

Baraza la Usawani hukaa barabarani, kwa kuwa barabara ndiyo mahali pekee ambapo watu wa vipande tofauti wanaruhusiwa kukutana. Namkunda alipewa nafasi ya kusema kwa sababu alikuwa mgeni. Kabla yake zilisomwa habari za mwaka. Bwana Kighenda alitangaza kwa furaha kwamba mimea iliyotoweka mwaka huu imetoweka sawasawa katika vipande vyote, na hakuna ukoo uliopoteza zaidi ya mwingine. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyelalamika kwamba kwake hakuna tena kahawa ya mwitu aliambiwa asiwe na hofu, ipo kwa fulani. Aliyetajwa akasimama akasema hata kwake ilikwisha, alidhani ipo kwa huyo mzee. Jambo likaahirishwa.

Kulikuwa na mjadala mwingine pia. Miaka hii joto limekuwa likipanda mlima, na mimea ya chini, ambayo imezoea baridi kiasi, ingetaka kupanda nayo pole pole, mbegu kwa mbegu. Mjumbe mmoja aliuliza kama iachwe ipite. Akajibiwa kwamba barazani hakuna aliyeleta ombi. Mmea unaotaka kuhama uombe, kama watu wanavyoomba. Haukuomba, basi haujataka.

Namkunda aliposimama alisema kwa kifupi, kwa sababu hakuwa na subira ya kusema kwa kirefu. Aliwaambia kwamba wana miti na hawana msitu. Kwamba kila mti huko ndani ni mzazi aliyenyimwa mahali pa kumpeleka mtoto wake. Wakitaka usawa wao, wabaki nao, lakini angalau waache msitu uungane mahali pamoja, kipande hiki na kile, ili ndege wapite na mbegu.

"Ndege wanahitaji njia," alimalizia. "Wapeni njia."

Walinong'onezana. Mmoja akauliza kivuli cha hiyo njia kitakuwa cha nani. Mwingine akauliza ndege akidondosha mbegu katikati, itahesabiwa kwa aliyekula au kwa aliyedondoshewa. Lakini walikuwa watu wazuri, na mgeni alikuwa amewagusa. Baadhi ya wanawake walikuwa wanafuta machozi, na Bi Mahimbo, mke wa yule kaka, alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole ili amwone mtoto mgongoni kwa Namkunda. Bwana Kighenda akasimama, akatamka kwamba ombi ni la haki. Ndege wa Usawani watapewa njia.

Namkunda alirudi akiwa mwepesi. Alipika mwenyewe siku hiyo, akamkanda binti yake mgongo, akacheka na Semvua kwa mara ya kwanza tangu afike, ingawa Semvua alicheka akitazama ukuta.

Asubuhi walisikia mashoka.

Alikimbia, mtoto mgongoni, khanga moja ikabaki kwenye miiba. Walikuwa wameingia, kwa amri ya Baraza, katikati ya kipande cha binti yake, wanaume kwa wanawake, wanaimba. Ukanda mpya ulikuwa unafunguka kutoka mpaka wa mawio hadi mpaka wa machweo, mpana, ulionyooka. Miti iliyokuwa imesimama kabla ya babu zao kuzaliwa ilikuwa imelala chini. Wengine walikuwa tayari wanafagia.

Bwana Kighenda alimjia mikono wazi.

"Tumewapa pana, mama. Wapite hata wakiwa wengi. Tumeondoa kila tawi, wasijigonge."

Namkunda aliipita ile mikono. Aliangalia juu. Hondohondo wawili walikuwa wametua kwenye mti wa pembeni, wanatazama ule uwazi, vichwa vimeinama upande. Kisha wakageuka, wakarudi ndani walikotoka, na hapo ndani palikuwa pamekuwa nusu ya jana.

Mteghe ulikuwa umeachwa. Haukuwa njiani. Sasa ulikuwa na upepo ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto.

Nyumbani Nakijwa alikuwa akingoja uani. Alichukua mtoto, akamnyonyesha akiwa amempa mama yake mgongo, na ilipofika jioni ndipo aliposema, bila kugeuka, kwamba angependa kujua mama yake alikuja kumsaidia au kummaliza. Semvua, ambaye hakuwahi kumjibu mkwewe neno, alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, uliwaambia njia," akasema. "Huku njia ni kitu kisicho na miti."

Namkunda alilala macho wazi. Hakujitetea. Aliona amewapa watu neno bila kuwauliza kwao lina maana ya kitu gani, na msitu wa mjukuu wake ndio uliolipa. Kulia hakukumsaidia, akaacha kulia. Akaanza kufikiri juu ya mdomo wa hondohondo. Mdomo unafanya nini? Unachukua hapa, unaacha kule. Hauhitaji ruhusa kwa sababu haumiliki chochote.

Kulipokucha akachukua kikapu.

Alianzia chini ya mteghe. Aliokota matunda mapya, akayaosha kisimani hadi nyama zikatoka, akavuka mpaka. Watu waliokuwa wanafagia waliinua vichwa. Hakuna aliyemzuia. Mgeni apite popote. Aliingia kwa kaka yake Semvua, akatafuta penye unyevu na giza la kutosha, akafukia kokwa kwa kisigino. Akaokota ya huko, matunda ya mti ambao kwa binti yake ulikuwa umekwisha, akaendelea hadi kipande cha jirani wa tatu. Alikwenda hivyo kila siku, akirudi na miguu imejaa michubuko na nywele zimejaa vijiti. Alibeba miche ya kangaga kwenye majani mabichi, mizizi ya maua ya kivulini, kuvumwani yenye vikonyo. Alikuta kahawa ya mwitu mahali ambapo mwenye kipande hakuijua, mti mmoja uliojificha nyuma ya mwamba, akampelekea yule mzee tunda moja kiganjani. Mzee alilitazama, akalitia mdomoni, akainyonya mbegu, akaificha shavuni kama kitu cha kuiba.

Bi Mahimbo alikuwa akimngojea kwenye uwanja wake karibu kila siku. Aliuliza habari za mtoto: amekaa, ametambaa, ameota jino? Aliuliza kwa haraka, kama mtu anayeuliza habari za gerezani. Alimpa Namkunda ndizi mbivu ampelekee Nakijwa, na Nakijwa alizila bila kusema zimetoka kwa nani, kisha akamfungia mama yake maharage ya kupeleka kule.

Mvua zilipoanza, Namkunda alimwita binti yake mahali alipofukia kokwa za kwanza alizotoa vipande vingine. Palikuwa na miche. Ilikuwa midogo, majani mawili mawili, mekundu bado. Nakijwa alichuchumaa akaiangalia kwa muda mrefu. Chemchemi haikuwa imeongezeka. Wala haikuwa imepungua zaidi. Mti mzee ulikuwa bado umeinama. Kila upepo ulipovuma, mama na binti walisikiliza pamoja kama mti utalia.

"Itachukua miaka mingapi ishike udongo?" Nakijwa akauliza.

"Mingi," mama yake akasema. "Na hii haitoshi. Inatakiwa kila mwaka, kwa kila mti, kule na huku. Mimi nimeshika aina chache tu nilizoweza kuziona. Zile ndogo nisizozijua majina, sijui ngapi zimekwisha nikiwa nazikanyaga."

Mavuno yalipokwisha, Bwana Kighenda akaja nyumbani na wapimaji wake na kamba. Alikuwa na furaha ambayo mtu mwema huwa nayo anapoleta zawadi. Namkunda alikuwa amekaa msimu mzima. Kuanzia kesho ni mtu wa Usawani, na haiwezekani mtu wa Usawani akose haki yake. Atapewa kipande.

Namkunda akauliza kitatoka wapi.

Kwa binti yake, bila shaka. Mama na mwana ni urithi mmoja. Wangegawana nusu kwa nusu, na mpaka ungepita juu kidogo ya kisima, ili wote wawili wayaone maji. Akasema kwamba nusu ya juu, yenye mteghe, wamemtunukia Namkunda mwenyewe. Mti wenyewe kwa bahati mbaya ungekuwa kwenye mpaka, lakini mahali uliposimama pangebaki pa Namkunda.

Namkunda akasema hataki. Bwana Kighenda akamweleza taratibu kwamba haki haikataliwi Usawani. Akikataa yeye, wengine nao wataona wanaweza kukataa, na usawa utakuwa umekwisha. Mtu pekee asiyepewa haki ni yule asiyekuwepo.

"Nikiondoka kabla hamjapima?"

"Basi hutakuwa umekuwepo," akasema Bwana Kighenda, akisikitika kweli. "Tutakuja kesho asubuhi, mama. Ningefurahi kukukuta."

Akaondoka na wapimaji wake. Namkunda alimwomba binti yake kwa mara ya mwisho washuke pamoja, akijua jibu. Nakijwa alimjibu kwamba akishuka, miche yote itagawanywa na kufagiliwa. Akauliza maswali mengine badala yake, maswali ya kazi: tunda la mteghe huokotwa likiwa na rangi gani, kokwa hufukiwa kina gani, kangaga inakubali kusubiri muda gani ikiwa imeng'olewa. Mama yake alimjibu moja moja. Kisha akaelewa kwa nini anaulizwa.

"Wewe si mgeni," akamwambia. "Wakikukamata mpakani wanachukua kila kitu. Wanachukua nyumba."

"Najua, mama."

"Una mtoto."

"Ndiyo maana," Nakijwa akasema, na akaendelea kukunja nepi.

Asubuhi Namkunda aliaga, akashuka hadi barabarani na mzigo wake. Ukungu ulikuwa umeinuka mapema kuliko alivyoombea, na mipaka yote ilionekana wazi, mitupu, imechanwa na mafagio. Watu walikuwa wamekwenda kula. Aligeuka kutazama nyumba, akamwona binti yake anatokea uani, mtoto mgongoni, kikapu kichwani, miguu mitupu. Alikuja hadi kwenye ukingo wa ule ukanda wa mawio. Alisimama hapo kama mtu anayepima maji kwa ncha ya mguu. Halafu akashuka kwenye udongo mweupe, akaanza kutembea.

Na kwenye kona ya barabara, kanzu nyeupe ikatokea. Bwana Kighenda alikuwa anakuja na wapimaji wake, mapema, kwa adabu, ili amuage mgeni. Ukanda ule ulikuwa mkono wake wa kushoto. Angegeuza kichwa tu, angemwona Nakijwa.

Namkunda alitua mzigo wake katikati ya barabara. Akaenda kumlaki, akamshika mikono yote miwili, akamzungusha kidogo kidogo kama wanavyofanya watu wazima wanapoagana, hadi akawa ameupa mpaka mgongo, na wapimaji wakazunguka naye. Akamwambia kwamba anarudi kwao, watu watamuuliza habari za Usawani, na ataaibika, kwa sababu kuna jambo ambalo bado hajalielewa vizuri.

"Lipi, mama?" akauliza Bwana Kighenda, na uso wake wote ukafunguka.

"Sheria ya mipaka."

"Sehemu gani?"

Nyuma ya bega lake Nakijwa alikuwa amefika katikati, mahali ambapo hakuna kivuli cha upande wowote. Hakukimbia. Mtoto alikuwa ameinua kichwa anatazama jua. Ng'ambo, Bi Mahimbo alikuwa ametoka kwenye miti na kusimama ukingoni kabisa, vidole vya miguu vikiwa juu ya mstari. Alikuwa amenyoosha mikono, akiashiria mtoto apewe yeye kwanza.

"Yote," Namkunda akasema. "Anza mwanzo. Usiniruke kitu."

Bwana Kighenda akakaa juu ya mzigo wa Namkunda, mgongo bado kwenye mpaka, akakunja kanzu magotini, akaanza.